Bapa Lililogeuzwa Mara Mbili

Misumeno mitatu ilikuwa imelala juu ya rafu ya kibanda cha wakata miti. Nafasi ya nne ilikuwa tupu, kwa sababu msumeno wa nne ndio uliomrarua mkata miti Casian uso, na sasa ulikuwa kituo cha polisi ndani ya mfuko wa plastiki.

Inspekta Saveta Bodnar alisimama mbele ya rafu hiyo mikono nyuma, hagusi kitu, kama mtu aliyeingia dukani bila hela. Mwendesha mashtaka Ursachi alitaka mzee Toader Flocea, mnoa misumeno wa kambi, apelekwe mahabusu mjini Suceava kabla ya jioni, na alikuwa amekwisha kumwambia hivyo kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mtu anayetaka kwenda kula.

"Cheni alinoa nani? Toader. Nani alimwambia Casian mbele ya watu kwamba siku moja msumeno utamla uso? Toader. Sasa huko mlimani unatafuta nini, Saveta? Uyoga?"

Toader alikuwa mzee mwenye kifua kibovu, anayekohoa hata wakati wa kiangazi, na mahabusu ya Suceava haingemrudisha salama. Kama ndiye, basi ndiye. Lakini kama siye, wakimpeleka leo watamrudisha amelala ndani ya sanduku.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Asubuhi ya siku iliyofuata sikukuu, Casian aliwasha msumeno wake kabla hata ya chai, akagusa shina la msonobari wa kwanza, na msumeno ukaruka nyuma ukamfuata usoni. Helmeti ilimwokoa roho, haikumwokoa taya. Tangu hapo alikuwa hospitali, kichwa kizima bandeji, hajatamka neno.

Na cheni haikuwa butu, haikuwa mbovu. Mbele ya kila jino la cheni kuna kinundu kidogo cha chuma, na kazi yake ni kulizuia jino lisiume mti kuliko linavyoweza kutafuna. Kwenye cheni ya Casian vinundu vyote vilikuwa vimesuguliwa kwa tupa hadi vikakaribia kuisha. Mtu alikaa chini, akatulia, akafanya kazi hiyo kinundu kwa kinundu. Saveta alikulia kwenye karakana ya baba yake ya kutengeneza misumeno, na alipoiona cheni ile mara ya kwanza alijua kwamba si bahati mbaya.

"Shangazi Anghelina," aliita.

Mpishi wa kambi alikuwa amesimama mlangoni, akiisokota aproni yake kama anaikamua maji. Alikuwa mwanamke mnene, macho mekundu kwa kulia.

"Abee, mwanangu."

"Mzee Toader alinoa lini?"

"Mkesha wa sikukuu, alasiri. Alikaa pale kwenye kisiki, akanoa yote minne, akaipanga hapo juu kwa mikono yake. Casian akamtania, 'Mzee, unanoa kama unakwenda kumnyoa askofu!'"

"Walikuwa na ugomvi?"

"Mzee Toader ana ugomvi na kila anayepitisha cheni kwenye mchanga! Mimi mwenyewe kanigombeza kwa ajili ya kisu cha vitunguu. Alimwambia Casian, 'Wewe unakata miti au unakata kokoto? Siku moja huo msumeno utakula huo uso wako mzuri.' Sasa hayo ndiyo maneno ya muuaji? Basi mimi nimeshaua kijiji kizima."

"Na siku ya sikukuu yenyewe, nani alikuwa hapa?"

Anghelina alimtazama kama amemuuliza nani alikuwa mwezini.

"Sikukuu ya kukatwa kichwa Mtakatifu Yohana? Nani anashika kitu chenye makali siku hiyo? Hata mkate tunamega kwa mkono. Tuliteremka wote mkesha jioni, nikafunga mlango kwa komeo."

"Si kwa kufuli?"

"Kufuli ya nini? Aibe nani, dubu?"

Saveta alirudi kwenye rafu. Sasa aliinama, akawasha tochi ya simu na kuimulika misumeno mmoja mmoja, mahali pale ambapo bapa refu la chuma, linalozungukwa na cheni, linaingia kwenye mwili wa mashine. Kwenye ukingo wa kila bapa palikuwa na alama ndogo ya tupa, ndogo kama jino la panya. Kwenye msumeno wa kwanza alama ilitazama chini. Wa pili, chini. Wa tatu, chini.

Baba yake naye alikuwa akitia alama kama hiyo. Bapa huliwa zaidi upande mmoja, kwa hiyo mtu makini, kila anapoitoa cheni, huligeuza bapa, juu likawa chini, ili liliwe sawasawa. Alama ndiyo inayomwonyesha kwamba amegeuza. Toader alikuwa ameishughulikia misumeno yote alasiri moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyejulikana kuifungua. Alama zote zilipaswa kutazama upande mmoja.

Alifungua picha alizopiga mwenyewe asubuhi ya ajali, akakuza moja kwa vidole. Msumeno wa Casian ulikuwa umelala kwenye majani ya msonobari, una damu, na alama yake ilitazama juu.

"Shangazi, mzee Toader amewahi kusahau kugeuza bapa?"

"Atasahau jina lake kwanza."

Kama Toader aligeuza, na sasa alama iko juu, basi kuna mtu aliitoa cheni ya Toader baada yake, akaweka nyingine iliyokwisha kuharibiwa, na katika kuiweka akaligeuza bapa mara ya pili. Hakuligeuza kwa makusudi. Aligeuza kwa sababu mkono wake umezoea. Lakini Saveta alimsikia Ursachi kichwani mwake hata kabla hajampigia: mzee alisahau, basi, nenda kamlete. Bapa moja halikutosha. Alihitaji kitu cha kumwonyesha ni siku gani.

Akatazama kila kona ya kibanda. Vitanda. Madumu ya mafuta. Jiko la kuni lililopoa. Mezani, juu ya ubao wa duara, kitu kimefunikwa kitambaa cha maua.

"Hiki nini?"

"Ugali wa mkesha. Nusu ulibaki. Sijapata moyo wa kuutupa, tangu ile asubuhi sijapata moyo wa kitu chochote."

Saveta alifunua. Ulikuwa ugali wao wa njano, mgumu sasa, umepasuka juu. Upande mmoja ulikuwa umenyooka, laini kama ukuta uliopigwa lipu. Upande wa pili ulikuwa na mabonde na vilima, na alama za vidole.

"Ulikata na nini?"

"Na uzi, na nini tena? Ule pale kwenye msumari. Sisi hatukati ugali kwa..." Anghelina alisogea, akainama. "Huu si mkono wangu. Mimi niliacha nusu kamili. Nani kaumega hivi? Kama mtoto!"

"Wenzako hawakula asubuhi ya ajali?"

"Kula saa ngapi? Casian alikimbilia mti, mimi hata jiko sijawasha, tukasikia yowe."

Saveta alivuta kiti akakaa. Uzi ulining'inia pale pale, mkono tu ukinyooshwa unaufikia. Siku yoyote nyingine ya mwaka mtu wa huku angeushika bila kufikiri. Ni siku moja tu ambayo angeuacha, kwa kuwa hata uzi hukata, akamega kwa vidole. Mtu alikaa kwenye meza hii siku ya sikukuu, akiwa na cheni ya kumwangamiza mwenzake mfukoni, akaona njaa, na akaogopa kumkosea Mtakatifu Yohana kwa uzi.

Alisikia hasira ikimpanda, na kicheko pamoja nayo. Na siku hiyo ya sikukuu, Toader alikuwa wapi? Kanisani akisoma zaburi mbele ya kijiji kizima, kisha mezani kwa padri hadi jua likazama. Saveta mwenyewe alikuwa amemwona.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Nechifor, nyapara wa kikosi, mtu mrefu mwenye viatu vya matope, na nyuma yake ikaingia harufu ya mvua.

"Inspekta, barabara itafungwa. Mto unajaa. Ukitaka kushuka, shuka sasa."

"Nitashuka. Kwanza niambie kitu, bwana Nechifor. Siku ya sikukuu ulipanda huku. Kuna mchunga kondoo aliyekuona."

Anghelina alishtuka. Nechifor alivua kofia, akaikunguta maji polepole mno.

"Nilipanda kutafuta uyoga. Ni kosa?"

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana mlikuwa mnatafuta wa kumfunga. Mimi ni mlokole, inspekta. Sishiki sikukuu za vichwa vya watu. Ningesema nilikuwa mlimani siku ambayo kijiji kizima kiko kanisani, mngesema ndiye huyo, hata hamwogopi mtakatifu."

"Uliingia humu?"

"Niliingia. Mvua ilinyesha mchana. Nikakaa kidogo, nikatoka." Alimeza mate. "Mlango ulikuwa na komeo. Sikuona mtu."

"Ulikula?"

"Nilikula mkate wangu, na kitunguu."

"Ulikikata?"

"Kitunguu? Kwa kisu changu, ndiyo. Sasa ningekitafuna kama farasi?" Akamgeukia Anghelina. "Mbona ananiuliza kitunguu?"

Saveta alichungulia chini ya benchi. Maganda ya kitunguu yalikuwa pale, na kipande kimoja kimekatwa kwa kisu, kimenyooka. Mlokole alikula kama mlokole. Aliyeumega ugali kwa mkono alikuwa mtu mwingine, mwenye kuishika sikukuu, na alikuja ama kabla ya mvua ama baada yake.

"Ulipoingia, ugali ulikuwa umefunikwa?"

"Sikuutazama ugali. Nilitazama mvua."

Hapo alikuwa mkweli, Saveta aliona. Muongo angempa ugali mzima na chumvi juu. Alimruhusu atoke akawashe gari.

"Shangazi, mambo mawili tu. Mkesha ule, mezani, Casian alisema nini?"

Anghelina alitazama mlango kwanza.

"Alisema kule juu ya genge, kwenye ukingo wa mlima, ameona visiki ambavyo havikupigwa muhuri wa bwana misitu. Miti imeangushwa kwa siri. Akasema anamjua aliyeiangusha, na sikukuu ikipita atakwenda kusema. Wote wakaacha kula. Hata vijiko vilinyamaza."

"Hakumtaja?"

"Hakumtaja. Alikuwa anampa nafasi, nadhani. Casian ana roho nzuri."

"La pili. Hapa kambini nani anageuza bapa?"

"Mzee Toader."

"Na mwingine?"

"Nani mwingine? Casian hajui hata kukaza cheni. Nechifor anamletea mzee. Wote wanamletea mzee. Aliyefundishwa ni Silvestru tu, tangu ana..."

Anghelina aliziba mdomo kwa aproni. Silvestru alikuwa mtoto wa Toader, wa pekee, naye mkata miti wa kambi hiyo hiyo.

Waliteremka huku mto ukilamba matairi. Saveta alipiga simu ya Silvestru mara nyingi, imezimwa. Alipiga nyumbani kwao. Mama yake akasema alitoka asubuhi, hakuaga. Ilipopatikana hospitali, daktari alisema kwa haraka, "Anaanza kuzinduka. Amefungua macho. Jioni huenda akaweza kuandika kitu, au kusema," na laini ikakatika kwenye kona ya mlima.

Jioni. Jioni Ursachi angemchukua Toader, na jioni hiyo hiyo Casian angesema. Saveta alijiona amebeba vyombo viwili vilivyojaa, kimoja kila mkono, na barabara yote mashimo.

Kituoni, Toader alikuwa ameketi kwenye chumba cha mahojiano na koti lake la Jumapili. Walimchukua hivyo. Mikono yake mikubwa, myeusi kwa oili isiyotoka hata kwa magadi, ilikuwa imelazwa mezani.

"Binti wa Bodnar," alisema. "Umelowa. Baba yako angekufokea."

"Angenifokea, mzee." Akaweka mezani mfuko wa plastiki wenye bapa na cheni ya Casian. "Nataka uniangalizie kitu. Usifungue mfuko."

Toader alivuta miwani. Alipoiona cheni uso ulimkunjamana kama mtu aliyepewa maziwa yaliyoharibika.

"Nimeshawaambia jana. Hii si cheni yangu. Mimi sisugui vinundu hivi hata nikilewa. Ila mwendesha mashtaka wenu anasema kila mwizi husema hivyo."

"Achana na cheni. Bapa."

Aliugeuza mfuko kwenye mwanga. Kidole chake kilitafuta ukingo, kikapata alama, kikasimama.

"Lilikuwa limekaaje kwenye msumeno?"

"Alama juu."

"Haiwezekani. Nilizielekeza zote chini."

"Hiyo mingine mitatu bado iko chini. Nimetoka kuiona."

Mzee alikaa sawa. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe damu ilimrudia usoni.

"Basi wameligeuza tena! Unaona? Mtu kalitoa baada yangu!" Akalisogeza bapa karibu na macho, kupitia plastiki. "Na wala si mtu wa ovyo. Tazama huu mfereji, kautoa uchafu wote. Tazama hili tundu la oili, kalizibua kwa kijiti. Kingo kazipitishia tupa, hamna hata mkwaruzo. Wangapi wanafanya hivi siku hizi? Huyu kafundishwa, binti. Huyu kafundishwa viz..."

Hakumaliza. Kidole kilibaki juu ya tundu la oili. Nje mvua ilipiga mabati, na Saveta akasikia kifua cha mzee kikikoroma.

Alitamani sana asiseme kinachofuata. Alisema.

"Ilikuwa siku ya sikukuu, mzee. Aliumega ugali kwa mkono. Uzi ulikuwa pale pale, hakuugusa."

Toader alivua miwani. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaitoa tena.

"Sikugeuza," alisema.

"Mzee Toader."

"Nilisahau. Nimezeeka. Matatu niligeuza, hilo nikasahau. Na hiyo cheni ni yangu, nilimkasirikia Casian, niliisugua mwenyewe. Andika. Mwite huyo Ursachi wenu, nitatia sahihi."

"Sasa hivi umeniambia..."

"Nimekuambia nini? Nani kasikia? Sisi wawili tu humu. Andika, binti. Mimi miaka yangu nimeshaila."

Ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Ursachi angefurahi, gari lingeondoka kabla ya jioni, na karatasi zote zingekaa sawa. Saveta aliinama akamtazama mzee machoni.

"Sikuja kukubishia. Ukitaka kusaini, utasaini. Ila sikiliza kwanza. Casian ameanza kuzinduka. Amefungua macho. Anajua ni nani aliyeangusha miti isiyo na muhuri kule gengeni, na jioni ataweza kusema. Silvestru simu yake imezimwa, nyumbani hayupo. Yuko wapi?"

Kitu kilimpita mzee usoni, na Saveta akakiona.

"Alikuja hapa asubuhi, askari wa zamu kaniambia. Alikuletea shati safi. Alikuambia anakwenda wapi?"

"Mwanangu ni mtoto mzuri."

"Alikuambia anakwenda wapi, mzee?"

Toader aliutazama ule mfuko. Bila kujua, mikono yake ililigeuza bapa ndani ya plastiki, alama ikatazama chini, ikalilaza tena mezani vizuri. Alifungua kinywa mara mbili, kikohozi tu kikatoka. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, hayafuti.

"Casian amebatizwa mikononi mwangu," alisema. "Mimi ndiye babaye wa ubatizo."

Saveta alichukua simu yake.

"Piga simu hospitali, binti," mzee alisema. "Yuko kwa Casian. Alisema anakwenda kumuuguza, ampe mama yake Casian nafasi ya kulala. Mwambie nesi amtoe mwanangu mle chumbani."

Saveta alikuwa amekwisha kubonyeza namba. Simu iliita. Ikaita tena. Mzee alikuwa amesimama, mikono imeshika ukingo wa meza, macho yote kwenye ile simu sikioni mwake.

"Mbona hawapokei?" aliuliza Toader. "Binti, mbona hawapokei?"